Mazungumzo ya Jamaa: Mchezo wa Hofu na Mlango wa Kutokea



Nani kati yetu hakuogopeshwa kwa hadithi alipokuwa mtoto? Jioni, baada ya chakula, bibi yetu aliketi karibu na moto, akaanza habari za zimwi lililomngoja msichana penye njia panda. Sisi watoto tulisogeleana mpaka magoti yakagusana. Aliyetaka kwenda nje aliomba mwenziwe amsindikize, na mwenziwe naye akaomba wa tatu. Walakini kesho yake tulimsihi bibi aturudilie hadithi ile ile, wala asiruke hata neno moja.

Hofu ile ilikuwa tamu. Siku hizo sikujiuliza kwa nini. Nimejiuliza mwaka huu, nikiwa mtu mwenye mvi, baada ya kufungiwa chumbani na jamaa yangu huko Ubelgiji, kwa hiari yetu na kwa fedha zetu wenyewe. Sikilizeni basi, maana habari hii yawahusu baba na mama, na vijana pia.

Mchezo wenyewe ni nini?

Ulaya, Asia na Marekani wanapenda siku hizi mchezo uitwao chumba cha kutoroka. Watu wachache, mara nyingi wawili hata sita, huingia chumbani, na mlango hufungwa nyuma yao. Wanapewa dakika 60. Chumbani mna makufuli, masanduku, picha, vitabu na saa za ukutani, na kila kimoja kina fumbo lake. Fumbo la kwanza likifumbuliwa latoa namba ya kufuli. Kufuli likifunguka latoa ufunguo. Ufunguo wafungua sanduku lenye fumbo la pili. Na hivyo hivyo mpaka mlango wa mwisho. Mfanyakazi mmoja huwatazama kwa kamera kutoka chumba kingine, nao wakikwama huwapa dokezo.

Mchezo huu si wa zamani. Mwaka 2007, katika mji wa Kyoto huko Japani, bwana mmoja aitwaye Takao Kato alianza kuwafanyia watu mafumbo ya namna hiyo, baada ya watu kuyazoea katika michezo ya kompyuta. Mwaka 2011 chumba cha namna hiyo kilifunguliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, na kutoka huko mchezo ukaenea upesi katika Ulaya yote.

Baadaye wenye vyumba wakaona kwamba mafumbo matupu hayatoshi, wakaongeza hofu. Huko Marekani ulikuwako mchezo ambamo mtu aliyejifanya maiti aliyefufuka alifungwa kwa mnyororo ukutani, na kila baada ya dakika 5 mnyororo uliongezwa urefu. Wachezaji walifumbua mafumbo huku wakirudi nyuma, mpaka nafasi ya kusimama ikawa haba. Vingine hufanywa kama gereza, au kama hospitali iliyoachwa na watu. Sisi tulikwenda katika hospitali.

Jinsi tulivyoingia

Nilikuwa nimekwenda kumtazama mdogo wangu, ambaye amekaa Ubelgiji na mkewe na watoto wawili kwa miaka mingi. Kijana ana miaka 17, mrefu kunipita, mchezaji hodari wa mpira. Binti ana miaka 14, si msemaji sana, lakini macho yake huona. Siku ya kuzaliwa ya baba yao ilipokaribia, kijana ndiye aliyechagua zawadi: twende sote watano katika chumba cha hofu.

“Baba mkubwa,” akaniambia akicheka, “huko kwetu umeona mambo mengi. Tuone kama utaogopa daktari wa uongo!”

Kila mmoja alilipiwa euro 28. Shemeji alizihesabu akatikisa kichwa, akasema kwamba kwa euro 140 angeweza kulisha wageni siku mbili. Lakini zawadi ni zawadi, tukaenda.

Dada mmoja alitupokea mlangoni, akatueleza sheria. Tusitumie nguvu, tusipande juu ya vitu. Mtu aliyevaa kinyago hatatugusa, nasi tusimguse. Halafu akaonyesha kitufe chekundu kando ya mlango. “Mtu yeyote akitaka kutoka, kwa sababu yoyote, abonyeze hapa. Mlango utafunguka mara moja. Hakuna atakayeulizwa.” Mdogo wangu alikuwa akitazama saa yake. Mimi nami, nakiri, nilisikia nusu. Binti peke yake alikwenda akakitazama kitufe kwa karibu, akarudi.

Ndani ya chumba

Chumba kilikuwa na vitanda vinne vya chuma, kila kimoja na namba yake. Ukutani palining'inia picha nne za mifupa, kama zile wanazopigwa wagonjwa. Harufu ya dawa ilikuwamo, na taa ilikuwa hafifu. Mahali fulani maji yalidondoka: to, to, to.

Mwanzo ulikuwa wa furaha kabisa. Shemeji ni mwuguzi wa kazi. Alizitazama zile picha akasema, “Hii mifupa imevunjika. Huyu mahali patatu, huyu pamoja, huyu panne, huyu pawili.” Sisi tukastaajabu. Binti akaona kwamba chini ya kila picha pana namba ndogo ya kitanda. Wakaipanga hesabu kwa utaratibu wa vitanda, wakapata namba nne, na kufuli la kabati likaanguka. Tulipiga makofi kama watoto wa shule! Ndani ya kabati tulikuta taa ndogo ya mwanga wa zambarau, na tulipoimulika ukutani yakatokea maandishi ambayo macho matupu hayakuyaona.

Nawaambia kweli, sijawahi kuwaona watu wa nyumba ile wakisemezana vile. Kwao kila mtu ana simu yake na saa zake za kazi. Mle ndani simu ziliachwa mlangoni. Baba alimwuliza binti, “Wewe waonaje?” Mama alimwambia mumewe, “Ngoja, msikilize mtoto kwanza.” Nikasema moyoni, euro 140 hazikupotea.

Ndipo taa ikazimika.

Sauti ikasema kwa Kifaransa kwamba daktari anarudi. Tukasikia nyayo, halafu kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Taa nyekundu ikawaka kidogo, na nyuma ya wavu wa chuma pakatokea mtu mwenye koti jeupe lenye madoa na uso usio na mdomo. Shemeji alipiga kelele, halafu akacheka. Mimi niliruka, nikamkanyaga mdogo wangu, naye akacheka mpaka akashika tumbo. Tukaingia chumba cha pili kwa kutambaa katika tundu jembamba, na tundu likafungwa nyuma yetu.

Chumba cha pili kilikuwa kidogo kama ghala ya kuwekea mafagio. Hapo yule kijana wetu mrefu, mwenye kuchagua mchezo, alinyamaza.

Sikuliona jambo hilo mara moja. Giza lilikuwa jingi, nasi tulikuwa na kufuli moja tu la mwisho. Niliona tu kwamba ameketi chini na mgongo ukutani. Baba yake akamwambia, “Simama, mwanamume wewe! Mwanamume haogopi kinyago.” Mimi nikacheka. Naandika neno hili kwa haya, lakini nilicheka.

“Baba,” binti akasema, “kaka hachezi tena.”

“Zimebaki dakika 14! Kufuli moja tu!”

“Baba, tazama mikono yake.”

Hakuna aliyetazama. Basi binti yule asiyesema sana alipapasa ukuta mpaka kando ya mlango, akakipata kitufe cha pili cha namna ile ile, akakibonyeza kwa kiganja chote.

Taa zote zikawaka. Mlango ukafunguka, na hewa ya baridi ikaingia. Tukamwona kijana: shati limelowa jasho, mikono yatetemeka, pumzi fupi fupi. Yule daktari wa kutisha akaja mbio, akavua uso wake, naye alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Alichukua kikombe cha maji, akapiga magoti, akasema kwa upole, “Polepole, kaka. Umekwisha kutoka. Mlango u wazi.”

Maneno yaliyosemwa mezani

Katika motokari tulirudi kimya. Mdogo wangu alisema mara moja tu kwamba tungalishinda. Mkewe alimtazama, asirudie.

Nyumbani tulikuta bugali na sombe, tukanawa, tukala. Kijana alikuwa akikata matonge asiyapeleke kinywani. Mwisho akasema, bila kumtazama mtu, kwamba alipokuwa na miaka 9 wenzake wa shule walimsukuma katika chumba cha kuwekea mipira na magodoro ya mazoezi, wakafunga mlango kwa nje. Ilikuwa saa ya mapumziko. Alipiga mlango mpaka ngumi zikavimba. Aliyemfungulia ni mama mfagiaji, jioni.

“Ndiyo siku ile uliyosema umeanguka penye mchezo?” mama yake akauliza.

“Ndiyo.”

“Mbona hukuniambia?” baba akasema. “Ningalikwenda shuleni siku ile ile!”

Kijana akakaa kitambo. Halafu akajibu kwa heshima, lakini kwa wazi: “Ningalikuambia nini, baba? Wewe husema mwanamume haogopi.”

Wasomaji, mdogo wangu si mtu mbaya. Amefanya kazi za usiku miaka mingi ili watoto wasome. Wala neno lile hakulitunga yeye. Aliambiwa na baba yetu, na mimi niliambiwa nalo, nikawaambia wanangu. Lakini jioni ile niliona jinsi neno hilo lilivyofunga mlango katika nyumba yake kwa miaka 8, na mtoto akabaki upande wa pili akipiga, na hakuna aliyesikia. Kwa nini basi aliuchagua mchezo ule? Alisema alitaka kujipima kama amepona, na alitaka tuwe karibu naye siku ya kujipima.

Baba yake akaondoka mahali pake, akaenda akaketi karibu naye. Akasema, “Nisamehe, mwanangu.” Kwetu si kawaida baba kumwomba mtoto msamaha mbele ya kaka yake mkubwa. Mimi nikatazama sahani yangu. Lakini sikuona kwamba heshima ya baba imepungua nyumbani mle. Kesho yake kijana alikwenda naye sokoni bila kuitwa.

Kitufe na mlango

Asubuhi nilimwuliza binti kwa nini alikwenda kukitazama kile kitufe kabla ya mchezo. Akanieleza jambo ambalo wazazi wote wangefaa kulijua. Milango mingi ya vyumba hivyo haishikwi kwa komeo, bali kwa sumaku ya umeme. Umeme ukipita, sumaku yashika chuma. Umeme ukikatika, sumaku yaachia. Kwa hiyo kitufe hakifungui kitu. Kinakata umeme tu, na mlango wafunguka wenyewe. Hata umeme wa mji ukizimika, mlango utafunguka. Mlango uliofanywa hivyo ni mwema. Mlango unaofungwa kwa ufunguo, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu aliye mbali, ni mtego.

“Na huko Poland, baba mkubwa,” akasema, “walikuwa wasichana wa umri kama wangu.”

Habari hiyo ni ya kweli na ya kuhuzunisha. Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin, kaskazini mwa Poland, wasichana watano wa miaka 15 walikwenda kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao katika chumba cha kutoroka. Moto ukawaka upande wa pili, karibu na mahali pa kungojea, palipokuwa na chombo cha kupasha joto kwa gesi. Moto ukaziba njia, wala njia nyingine ya kutokea haikuwako. Wote watano walikufa kwa hewa ya sumu ya moshi. Baada ya hapo serikali ya Poland iliamuru vyumba vya namna hiyo vikaguliwe katika nchi nzima, na vingine vikafungwa kwa sababu ya hatari.

Wale wasichana hawakufanya kosa lolote. Walikwenda kucheza. Waliokosa ni watu wazima, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba mchezo unabaki mchezo.

Jambo lenyewe ni hili

Sasa naweza kulijibu swali langu la mwanzo. Hofu ya hadithi za bibi ilikuwa tamu kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Aliyezidiwa aliinuka akaenda kulala, au alijificha katika nguo za mama, na bibi akapunguza sauti. Bibi alitutazama nyuso alipokuwa akisimulia. Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Bibi alitujua.

Wataalamu nao wameona jambo kama hilo. Katika mji wa Vejle huko Denmark ilikuwako nyumba ya kutishia watu kwa malipo. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Aarhus waliwafungia watu 110 vyombo vya kupimia mapigo ya moyo, wakawaacha waingie, nao wakatoa habari zake mwaka 2020. Waliona kwamba hofu ikiwa ndogo mno watu hawafurahi, na ikizidi mno vilevile hawafurahi. Furaha iko katikati. Na hiyo katikati haipo mahali pamoja kwa watu wote. Shemeji alipocheka, mwanawe alikuwa amekwisha kuzidiwa. Nao walikuwa katika chumba kimoja.

Kwa hiyo, enyi baba na mama, sisemi mchezo huu ni mbaya. Niliona kwa macho yangu jinsi ulivyowakusanya watu wa nyumba moja waliokuwa wametawanyika. Nasema mambo machache tu. Kabla ya kuingia, ulizeni njia ya kutokea, na mwambieni mhudumu awaonyeshe mlango ukifunguka. Wakiona haya kuuonyesha, rudini nyumbani. Ndani ya mchezo, mtazame aliyenyamaza kuliko anayepiga kelele, maana mwenye kupiga kelele mara nyingi yu salama. Na mtoto akisema imetosha, basi imetosha, hata ikibaki dakika moja na kufuli moja. Fedha iliyolipwa si sababu.

Nanyi vijana, msimcheke mwenzenu aliyebonyeza kitufe. Mwakumbuka methali hii: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wala binti yule hakuwa mwoga. Alijua kwamba baba yake atakasirika, na baba mkubwa, na kwamba mchezo utapotea, akabonyeza.

Nilipoondoka, mdogo wangu alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege pamoja na watoto. Tukaagana. Kijana akaniuliza kama nitakubali kurudi naye katika chumba kile mwakani, ili tulimalize lile kufuli la mwisho. Nikamwambia nitakubali, lakini kwa sharti moja: safari hii mimi nitasimama karibu na kitufe.

Akacheka. “Hapana, baba mkubwa,” akasema. “Hapo ni mahali pa dada.”